Nusu Neno la Jemadari

Katika mambo ya kununua, Jemadari alikuwa na majibu mawili tu: yafaa, na haifai. Hakuwa na "si mbaya," hakuwa na "hiari yako," wala lile "inshallah" la watu wanaotaka kukataa bila kukataa. Ulimpelekea kitambaa, akakishika kwa vidole viwili, akakivuta, akakinusa, akakwambia. Ulimpelekea redio, akaizungusha masafa yote mpaka ukachoka wewe mwenye redio, kisha akakwambia. Na akishakwambia amekwisha. Hata ukimbembeleza, neno la pili hulipati. Mtaa wetu wa Kuze ulimtumia hivyo kwa miaka mingi, na sijui mtu aliyejuta, isipokuwa wale waliokwisha kununua ndipo wakaja kumuuliza.

Jina la Jemadari alipewa na mtaa. Vitani, Waingereza walipowapeleka Bama kupigana na Wajapani, hakuwa jemadari wala koplo. Alikuwa mbeba machela, yeye upande wa miguu na mwenzake upande wa kichwa, wakiwatoa majeruhi matopeni. Alitueleza hayo mwenyewe, tena mara nyingi, kwa sababu jina lile lilimkera. "Mwaniita Jemadari kwa lipi?" alikuwa akisema. "Miye nalibeba watu." Lakini ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hakugeuka. Nasaba yake na mahali alipozaliwa sikupata kumuuliza, na kwa watu wa kwetu hilo ni jambo la ajabu, maana sisi kabla ya kumjua mtu twataka kumjua babu yake. Yeye alinitosha hivyo hivyo alivyokuwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikaa ghorofani, mkabala na duka la Bhai, na dirisha langu lilikuwa juu ya baraza aliyopenda kukaa Jemadari baada ya alasiri. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona au niliyasikia kwa dirisha hilo, na wala sioni haya. Dirisha la Kuze limewekwa kwa kazi hiyo.

Katika sifa alikuwa bahili. Nilikuwa nikimpelekea chakula, kwani mkewe alifariki zamani na jirani ni jirani. Pilau, mbaazi na mahamri, samaki wa kupaka, na siku za Idi biriani. Miaka yote ile sifa niliyoipata kwake ilikuwa moja: "Imeiva." Mara ya kwanza niliumia, nikajiuliza nimekosa nini. Baadaye jirani yangu mmoja akaniambia kwamba mkate wake wa mofa uliambiwa "haukuiva," mbele za watu, naye mgeni wake kakaa pale pale. Hapo nikaona kwamba mimi nimepandishwa cheo, nikaendelea kupika.

Lakini usidhani alikuwa walii. Kwenye karata alikuwa mwizi, tena mwizi asiyejificha. Alikalia karata chini ya paja, akabadilisha alichotupa, akachungulia mkono wa jirani yake huku akijifanya anapiga chafya. Wenzake wakimshika, hakukana hata siku moja. Aliicheka ile kanzu yake iliyoachia karata ionekane, akarudisha karata, akaiba nyingine. Mtu akamuuliza siku moja inakuwaje yeye asiyesema uongo akacheza kwa uongo. Akajibu kwamba neno ni amana, karata ni makaratasi. Nimeitafakari hoja hiyo mara nyingi na bado sijui kama ni hekima au ni ujanja wa mtu anayependa kushinda.

Na tuje kwenye saa, maana ndiko ninakokwenda. Saa yake mwenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kimekwaruzika, mkanda wake umeshonwa na fundi viatu. Aliiendesha Kiswahili. Jua likitua, akrabu zote mbili, ile mishale ya saa, zilikuwa juu, saa kumi na mbili barabara. Sisi sote twasema saa za Kiswahili, lakini twaziacha saa zetu zionyeshe za Kizungu, tukawa tunatafsiri kichwani. Yeye alisema hawezi kuvaa mkononi kitu kinachosema tofauti na kinywa chake. Kila baada ya siku chache aliirekebisha kwa kulitazama jua, akaisogeza kidogo mbele au nyuma, na ole wako umsemeshe wakati huo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Bhai mwenye duka. Bhai alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa papa hapa Mombasa, na duka alirithi kwa babake: saa, tochi, betri, kalamu za wino na miwani ya kusomea. Walikuwa watu wawili wasiofanana. Bhai alikuwa mnene, mpole, mwenye kusifu kila kitu. Alisifu mvua, alisifu jua, alimsifu hata mtoza kodi wa manispaa. Jemadari alikuwa mwembamba na mkavu. Lakini asubuhi kila mmoja alimngoja mwenziwe. Na hapa lazima nieleze jambo kwa asiyetujua: salamu zetu ni ndefu. Baada ya salamu alekum huja sabalkheri, kisha hali, kisha nyumba, kisha watoto, kisha yale maumivu ya mguu ya juzi, kisha unarudia hali tena kana kwamba hukuuliza. Urefu wa salamu ndio kipimo cha mapenzi. Salamu za wale wawili zilichukua muda wa mimi kuchuja chai, kuinywa na kuosha kikombe.

Bhai alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, huko Uingereza, aliyekuwa akimhimiza afunge duka aende wakaishi pamoja. Biashara ya Mji wa Kale imekufa, ndivyo alivyokuwa akimwambia kwa simu. Bhai hakutaka kwenda. Alitaka jambo moja tu la kumwonyesha mwanawe kwamba duka bado hai, na jambo hilo akadhani amelipata mwaka ule dunia ilipokuwa ikikumbuka miaka hamsini tangu vita vikubwa kwisha.

Jamaa yake mmoja mfanyabiashara alimletea katoni ya saa za ukumbusho. Zilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya kumbukumbu hiyo, na zilitengenezwa chache. Kila moja ilichongwa nambari yake mgongoni, na ilikuja ndani ya sanduku dogo la mbao pamoja na cheti. Uso wake ulikuwa mweusi, mkanda wa turubai rangi ya majani makavu, na katikati kofia ya chuma na bunduki mbili zilizopishana. Akrabu yake ya saa ilizunguka mara moja tu kwa siku nzima, kuanzia sifuri mpaka ishirini na nne, kama wanavyohesabu wanajeshi, na pembeni palikuwa na kidirisha cha tarehe. Bhai aliweka humo karibu kila alichokuwa nacho. Alikuwa na hakika kwamba wazee wa Kizungu wanaokuja kutazama Ngome ya Yesu, na mabaharia wa manowari zinazotia nanga Kilindini, watazigombania.

Akamwomba Jemadari akae mlangoni mwa duka, kwenye kiti, na nishani zake kifuani. Asiuze, akae tu. Na mteja akimuuliza kama saa hizi ni nzuri, amwambie ni nzuri. Kwa heshima hiyo akampa saa moja ya zawadi siku ile ile, akamvika mkononi yeye mwenyewe. Jemadari aliitazama kwa muda mrefu. Alisema kukaa atakaa. Lile la pili hakulijibu, na Bhai kwa wema wake akadhani kimya ni ndiyo.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa Kizungu na bibi yake, wote wekundu kwa jua. Mzee aliziona nishani, akafurahi, akampa Jemadari mkono, akamuuliza kama huko Bama walikuwa wakivaa saa kama hizi. Bhai alikuwa tayari amekwisha kulifungua sanduku. Jemadari, kwa Kiingereza chake cha kijeshi kisichozidi kiganja, akamwambia kwamba hapana, hapakuwa na saa. Saa ilikuwa mkononi mwa ofisa. Wao saa yao ilikuwa firimbi. Mzungu alicheka, akamshika bega, wakapiga picha pamoja mlangoni, kisha akanunua betri.

Wa pili alikuwa bwana yangu. Bwana yangu alikuwa karani wa bandarini, hajapata kushika bunduki maishani mwake, lakini ukimwonyesha kitu chochote cha rangi ya majani makavu chenye mifuko mingi, akili humtoka. Nyumbani tulikuwa na suruali za kijeshi, chupa ya maji ya kijeshi, na kofia moja ambayo watoto waliiogopa. Aliposikia habari za saa zile hakulala vizuri. Mimi nilikuwa sitaki. Nilimwambia tu amuulize Jemadari kwanza, kisha nikaenda dirishani.

"Wataka kujua wakati?" Jemadari akamuuliza.

Bwana yangu akasema ndiyo.

"Ile ya plastiki pale yajua wakati vile vile. Wataka ukumbusho?"

Akasema ndiyo, ndiyo hasa.

"Wakumbuka nni weye? Hukuweko."

Bwana yangu hakukata tamaa. Akasema, "Lakini zimetengenezwa chache, Ami. Hazitatoka tena."

"Na miye nimetengenezwa mmoja tu," Jemadari akasema, "na hapana aliyeninunua. Haifai."

Mimi huko juu niliziba mdomo kwa leso. Bwana yangu alirudi mikono mitupu, na siku ile nilimpelekea Jemadari sahani mbili badala ya moja. Lakini furaha yangu haikudumu, kwa sababu niliporudi dirishani nilimwona Bhai. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake na kile kisanduku cha mbao mkononi, hajakifunga. Ndipo nilipoelewa kwamba mchezo wetu sisi ulikuwa ndio riziki yake yeye.

Ikawa hivyo siku nyingi. Watu waliingia, wakauliza, wakaambiwa haifai. Wengine hawakuuliza, lakini walimtazama Jemadari usoni, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko ulimi. Wenye maduka wa jirani wakaanza kumwambia Bhai amwondoe mzee huyu mlangoni. Bhai akasema biashara haigombi. Mpaka siku alipozungumza na mwanawe kwa simu, na mwanawe akamuuliza zimetoka ngapi.

Alitoka nje akasimama mbele ya kile kiti. Hakupaza sauti. Alisema, "Nimekuomba neno moja, Jemadari. Miaka yote hii sijakuomba kitu. Neno moja tu."

"Neno lenyewe si langu," Jemadari akajibu.

"Ni la nani?"

"La yule aniulizaye."

Bhai akasema kwamba kama ni hivyo basi apumzike nyumbani, jua ni kali. Akakiinua kiti yeye mwenyewe akakiingiza ndani. Jemadari alivua ile saa ya zawadi ili amrudishie, lakini Bhai akakataa kuipokea, kwa kuwa zawadi hairudi. Basi akaivaa tena, akaenda zake. Msema kweli hana wajoli, yaani hana wenzi, mama yangu alikuwa akisema, na siku ile nilimwonea Jemadari huruma na Bhai nikamwonea huruma zaidi.

Tangu hapo salamu zao zikawa fupi. Salamu alekum, waalekumu salamu, basi. Salamu ni wajibu, hakuna awezaye kuinyima, lakini baada ya hapo kila mmoja alitazama upande wake. Mtaa mzima ulisikia ule ufupi. Nilimuuliza Jemadari siku moja, nilipompelekea chakula, kama neno moja dogo lingemgharimu nini. Hakunikasirikia. Alisema kule Bama, majeruhi walikuwa wakimuuliza kama watapona, na ofisa alikuwa amewaamuru wabebaji wote waseme ndiyo. Naye alisema ndiyo, kwa wote, na wengi hawakufika. Tangu arudi aliapa kwamba mtu akimuuliza, atamjibu kweli.

Kilichowapatanisha, kwa kadiri walivyopatanishwa, ni ile saa yenyewe. Jemadari aliivaa kila siku, kwa sababu ile kuukuu yake ilikwisha kufa, na kama kawaida yake aliigeuza iende Kiswahili. Aliiweka sifuri magharibi, jua linapotua. Basi kile kidirisha cha tarehe nacho kikawa kinabadilika magharibi. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia aliiweka tarehe mosi, na jioni moja wazee wakiwa barazani wanangoja adhana wafungue, tende mkononi, mmoja wao akaona tarehe inaruka pale pale mwadhini alipoanza. Kwetu siku huanza magharibi. Usiku hutangulia mchana. Wazee walikuwa hawajapata kuona saa, tena ya Wazungu, tena yenye bunduki, inayolijua hilo. Futari ilipoa. Mkono wa Jemadari ulipita kwa kila mmoja.

Kisha mzee wa msikitini akamuuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Yafaa?"

Bhai alikuwa ndani ya duka lake, taa imewaka, na niliona kivuli chake kimesita. Jemadari aliichukua ile saa, akaitazama mbele na nyuma.

"Kwa kujua siku imeingia, yafaa," akasema. "Na mwezi ukiandama mwairudisha mosi kwa mkono, msisahau. Kwa jengine lolote, haifai."

Wazee walianza kuja dukani baada ya tarawehi, mmoja mmoja. Hawakuzitaka bunduki; mmoja alimwuliza Bhai kama zaweza kufutwa. Lakini walinunua, na katoni ile iliyokuwa imetuama kama jiwe ikaanza kupungua. Siku ya Idi Bhai alikitoa kiti nje tena. Jemadari alikuja, na salamu zikarudi urefu wake, mpaka kwenye maumivu ya mguu. Nilimsikia Bhai akimwambia, kwa ule upole wake, kwamba amempa nusu neno, na kwa nusu anashukuru. Na Bhai, nilimjua, hakuisahau ile nusu iliyobaki.

Saa zenyewe, ukweli lazima usemwe, zilikuwa na balaa lake. Jemadari alialikwa harusini, ukumbi ulio upande wa Buxton, na kadi ilikuwa na tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Magharibi ya siku ya kabla yake saa yake ikaruka, ikaonyesha tarehe ya harusi. Naye akavaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua, akajitia udi, akatoka kwa miguu, akafika, akakuta watu wanaosha masufuria na kupanga viti. Alikaa nao. Alisema ni kadi iliyokosea, maana usiku wa siku ni ule unaoitangulia, na wapishi wakampa chai na wakamwomba asiwasahihishe. Kesho yake Bhai aliposimuliwa, alicheka mpaka akakaa chini, mikono imeshika tumbo, machozi yanamtoka. Jemadari alimngoja amalize. Kisha yeye pia akacheka, na hicho kicheko chake nilikisikia mara chache sana, kikavu na kifupi, lakini kilikuwa cha kweli kama maneno yake.

Niliishi miaka mizuri kwenye dirisha lile. Watoto wangu walikua, bwana yangu akapunguza mambo ya kijeshi isipokuwa ile saa, ambayo kila Idi alikwenda kuiulizia upya na kila Idi aliambiwa vile vile. Duka liliendelea. Halikutajirika, lakini lilikuwa wazi kila asubuhi, na mwana wa Uingereza akapunguza kelele zake. Wakitaka kumwona Bhai akiwa na raha, watu walikuja alasiri, saa ya kahawa, wakamkuta yeye ndani anasifu na rafiki yake nje anakosoa, na mteja katikati hajui amsikize nani.

Mato ndiyo yaliyomwondoa Bhai, kama walivyosema wazee. Macho yalifunga ukungu, akawa anashika saa na hazioni, na kitu cha kukarabati kikimponyoka anakipapasa sakafuni. Safari hii mwanawe hakumhimiza. Alikuja mwenyewe kumchukua, na Bhai akakubali bila ugomvi. Bidhaa alizigawa na kuziuza kwa wenye maduka wenziwe. Kilichobaki ni visanduku vichache vya mbao, ile mikia ya katoni, ambavyo hakuna aliyevitaka. Wazee wenye kutaka walikwisha nunua. Navyo ndivyo vilivyomsumbua. Babake, alikuwa akisema, alikufa rafu zake ni tupu. Hakuondoka duniani na kitu kilichokataliwa na watu. Alisema hayo kwa kila aliyekuja kumuaga, huku vidole vyake vikivipapasa vile visanduku, na sisi tulisema maneno ya kumliwaza ambayo hayakumliwaza.

Alasiri ya mwisho nilikuwa mle dukani na kikapu cha vileja na kaimati za safari. Mwanawe alikuwa juu anafunga mizigo. Jemadari aliingia, akatoa salamu, zile ndefu, hakuacha hata moja. Kisha akasema kwamba vile visanduku amepata mteja, achukua vyote, na pesa hizi hapa, akaziweka mezani zimefungwa kwa leso.

Bhai aliinua uso. "Mteja gani?"

"Mwenyeji."

"Vyote?"

"Vyote."

Bhai aliweka mkono juu ya leso, hakuifungua. Mimi nilishika kikapu changu kwa nguvu, kwa sababu niliona swali linakuja, na nilimjua yule anayeulizwa.

"Alikuuliza?" Bhai akasema.

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nalimwambia zafaa."

"Kwa kujua siku imeingia?"

"La," Jemadari akasema. "Zafaa."

Bhai alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akamshika rafiki yake mikono yote miwili, na hakusifu kitu, yeye aliyekuwa akisifu hata mvua. Walikaa hivyo mpaka mwanawe akateremka na mabegi. Rafu zilikuwa tupu. Alipotoka alizipapasa moja moja kwa kiganja, akatabasamu, akapanda gari, na sikupata kuona mtu anayehama mji wake akiwa ametulia namna ile.

Nilingoja wiki ipite, kisha nikaenda kwa Jemadari na sahani. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, naye amekaa kitandani, anafuta vumbi kwenye visanduku vya mbao alivyovipanga juu ya meza. Sikujifanya kushangaa. Nilimwambia kwamba hakuna mteja, mteja ni yeye, na kwamba pensheni yake yote imekwenda kwa saa asizoweza kuvaa.

"Mteja yupo," akasema. "Nalijiuliza, nikajijibu. Bhai sikumwambia uongo."

Nilikaa kwenye kiti. Nikatazama zile saa, weusi wake, bunduki zake ndogo zisizomdhuru mtu. Nikamfikiria bwana yangu, na Idi iliyokuwa inakuja, na miaka yote aliyorudi mikono mitupu. Nikamwambia Jemadari aniuzie moja, maadamu amekwisha kukiri kwa kinywa chake kwamba zafaa.

Alichukua sanduku moja, akalifungua, akaitazama saa mbele na nyuma kama alivyomtazamia kila mtu, akanitazama na mimi. Halafu akalifunga, akalirudisha mahali pake.

"Haifai, mwanangu," akasema. "Hii yafaa kwa mtu mmoja tu, naye keshainunua."